Ratiba Iliyosahau Agosti

Kwa miaka mingi nilikana kwamba kampuni ilinipeleka Bungoma ili yenyewe ipumzike. Nilisema nilichaguliwa. Nilisema hivyo kanisani, kwenye harusi za watu, na mara moja kwa askari wa trafiki pale Kiminini ambaye hata hakuwa ameniuliza. Sasa nimestaafu, mapema kidogo na kwa hiari yangu, na naweza kusema ukweli bila kuogopa lolote: walinipeleka kwa sababu nilikuwa nimewachosha. Keki ya kuniaga ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayeondoka kwa miezi michache tu. Na makofi waliyonipigia yalikuwa marefu kuliko yale waliyompigia mkurugenzi aliyekuwa akiondoka kabisa.

Naandika haya kwa sababu binti wa dada yangu, anayefanya kazi benki, amepewa likizo kama ile niliyopewa mimi, na ameniuliza abebe nini. Nimeona badala ya kumjibu peke yake niwajibu nyote mlio rika lake, kwa kuwa kampuni nyingi siku hizi zina mpango huo. Mtu aliyetumika muda mrefu anaachiliwa kwa miezi kadhaa, mshahara wake ukiendelea, aende akatoe ujuzi wake bure kwenye shirika ambalo lisingeweza kumwajiri. Mwanasheria anaenda kwenye kituo cha wajane. Mtu wa matangazo anaenda kwenye shule ya watoto viziwi. Ni jambo jema, na picha zake hutoka vizuri. Yangu ipo bado kwenye ukuta wa mapokezi kule Kitale: nimevaa fulana yenye jina la kampuni, nimeshika spana kwa upande usiofungua kitu.

Ujuzi wangu ulikuwa kupanga safari za malori. Kampuni yetu iliuza mbegu, na mbegu, vijana, ni mzigo wenye haraka kuliko hata maziwa. Mkulima akinyeshewa na mvua kabla mbegu haijafika dukani, hanunui tena. Ameshaazima kwa jirani na ameshakutukana. Watu hudhani kazi ya usafirishaji ni kuendesha gari. Dereva ndiye anayeendesha. Mpangaji anakaa ofisini akiendesha wasiwasi.

Kazi hiyo nilifundishwa na Bi. Chelimo, mkuu wangu wa kwanza, mwanamke aliyesoma chuo kilekile nilichosoma mimi na aliyehakikisha kila mtu anajua kwamba alikuwa amepata alama bora kuliko zangu. Sauti yake ingeweza kuita ng'ombe aliye bonde la pili. Wiki yangu ya kwanza niliagiza lori la kwenda Suam lipakiwe kwa mpangilio wa vituo: mzigo wa kituo cha kwanza uingie kwanza, wa pili ufuate, mpaka mwisho. Kwenye karatasi ilipendeza. Bi. Chelimo alitazama, akakunja mikono, akasema, "Vizuri sana. Nawe panda, uende nalo."

Nilidhani ni heshima. Tulipofika kituo cha kwanza, mzigo wa mwenye duka ulikuwa umekaa ndani kabisa, nyuma ya mizigo ya watu wengine wote. Tukashusha lori zima kando ya barabara, tukatoa magunia yake, tukapakia lori zima upya. Tukafika kituo cha pili, tukafanya vilevile. Kufika Suam mikono yangu ilikuwa haiwezi kushika kikombe. Niliporudi Bi. Chelimo aliniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza kwamba cha kushuka mwisho hupakiwa kwanza. "Na cha pili?" akauliza. Sikukijua. "Cha pili ni kwamba mimi ningeweza kukuambia jana," akasema, akaangua kicheko, akanimiminia chai.

Wakati huo ratiba ilikuwa ubao mweusi na chaki. Dereva akitoka, jina lake linaandikwa, akirudi, linafutwa. Baadaye zikaja kompyuta, kisha vifaa vya kufuatilia magari, na nikawa naona malori yangu kama vidoti vinavyotambaa kwenye simu. Nyinyi mmezaliwa na vidoti, kwa hiyo niwape siri moja. Kidoti kikisimama, hakikuambii kama dereva yuko chini ya gari au yuko mbele ya sahani ya ugali na samaki. Mpigie. Na ukimpigia usimuulize yuko wapi, maana atasema "niko karibu." Muulize anaona nini mbele yake.

Nilipenda ratiba kupita kiasi. Nilipomaliza kupanga malori nikapanga maegesho. Nilipomaliza maegesho nikaweka ratiba ya birika la chai, kila idara na saa yake, kwa rangi. Siku niliyobandika ile ya choo, bosi wangu wa wakati huo, Bwana Kirui, aliniita ofisini, akafunga mlango taratibu, akaniambia kwa upole mwingi kwamba kuna mpango mpya wa likizo na kwamba yeye binafsi amenipendekeza.

Ndivyo nilivyofika Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye karakana ya shirika moja dogo linalotengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu, zile ambazo mtu asiyeweza kutembea huziendesha kwa mikono. Baiskeli hizo ni za chuma cha nguvu, tairi zake ni nene, na kwenye barabara za udongo za huko hupita mahali ambapo kiti cha kawaida cha hospitali kingekwama. Mafundi walizitengeneza vizuri. Taabu ilikuwa kuzifikisha. Walikuwa na pikapu moja iliyochoka na dereva mmoja, Masinde, ambaye hakuwa amechoka hata kidogo. Baiskeli ilienda kwa mtu aliyepiga simu mara nyingi zaidi. Leo Kimilili, kesho Bumula, kesho kutwa tena Kimilili, nyumba ya pili kutoka ile ya juzi. Nilipoona hivyo moyo wangu uliruka kwa furaha.

Msimamizi wa karakana aliitwa Esta, mtaalamu wa viungo, umri wa dada yangu mdogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kubisha. Yeye ndiye aliyekwenda na kila baiskeli ili airekebishe imkae mwenyewe: kiti kisogee, mpini ushuke, mkanda ukazwe. Bila yeye baiskeli ni chuma tu. Kwa hiyo kila safari ilihitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja: gari, Esta, na mwenye baiskeli akiwa nyumbani. Kumbuka hilo la tatu.

Nilikaa na kompyuta yangu mpaka macho yakauma. Nikaigawa kaunti kwa maeneo, kila eneo na siku zake. Nikabandika ramani ukutani, nikaichoma pini za rangi. Nikapanga mzigo, cha kushuka mwisho kikitangulia kuingia. Nikaweka hata muda wa dereva kula, jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau na ndiyo maana ratiba zao huchelewa kuanzia saa saba mchana. Mafundi walikuja kutazama ramani mmoja mmoja, wakitikisa vichwa kwa heshima. Esta alisema, "Madam, hii ni kama ya serikali." Nilichukulia kuwa ni sifa.

Ratiba ilianza Agosti. Mwaka ulikuwa wa shufwa.

Wasomaji wangu wa Bungoma tayari wamecheka. Wengine niwaeleze. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka wa shufwa ndiyo majira ya kutahiri. Vijana huzunguka siku nyingi kabla, wakialika jamaa zao, mikononi wakipiga njuga za chuma zinazoitwa chinyimba, nyuma yao msafara wa watu wanaoimba na kucheza kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuna anayebaki nyumbani. Asiye na mtoto wake ana mtoto wa dada, asiye na wa dada ana wa jirani. Ni kama Krismasi yenye miguu.

Siku ya kwanza tulitoka Masinde, Esta na mimi. Nyumba ya kwanza tulimkuta mbwa. Ya pili tulimkuta bibi mmoja aliyetuambia wenyewe wameenda sherehe, akatuuliza sisi mbona hatujaenda. Tukiwa njiani kwenda ya tatu, barabara ikajaa. Kijana alikuwa mbele, kifua wazi, amepakwa unga, chinyimba zinalia kwa mpigo mmoja unaokuingia tumboni, na nyuma yake watu wengi kiasi kwamba sikuona mwisho wao. Walikuwa wamechukua barabara yote na hawakuwa na nia ya kuirudisha. Masinde akazima gari.

"Masinde," nikasema, "piga honi. Tumeshachelewa."

Alinigeukia kama mtu aliyeambiwa apige honi kanisani. "Madam, ati nipigie honi mtu wa chinyimba? Bana! Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Ushuke ucheze. Gari halitapita, si afadhali sisi tupite?"

Akashuka, na kabla sijafungua mkanda alikuwa ameshamezwa na msafara, mikono juu. Esta naye akashuka. Nikabaki kwenye gari na ratiba yangu mapajani, mwanamke wa chuo kikuu, na mama mmoja akaja dirishani akanivuta mkono. Naam, nilicheza. Nilicheza vibaya. Mama huyo alinifundisha mabega, akakata tamaa, akanifundisha makofi.

Tulipokuwa tunarudi, vumbi mpaka masikioni, nikamuuliza Esta, "Mbona hamkuniambia? Wiki zote hizo mnatazama ramani, hakuna hata mmoja wa kusema?"

"Tulidhani unajua," Esta akasema. "Si unaitwa Naliaka?"

"Nimekulia Kitale!"

"Kitale ni Ulaya?"

Masinde alicheka mpaka pikapu ikayumba. Na alikuwa na haki, kwa maana mimi ni Mbukusu wa baba na mama. Ila nimekulia kwenye nyumba za kampuni mjini, na kwetu Agosti ilikuwa ni likizo ya shule na basi. Wao waliona jina langu wakajua ninajua. Mimi niliona jina langu nikajua ninajua. Ukienda mahali ambapo jina lako ni la pale, vijana, uliza maswali mara mbili zaidi ya mgeni, kwa sababu hakuna atakayekueleza kitu.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Halo, ni Madam wa kompyuta?"

"Ni Naliaka hapa, wa mipango ya usafiri."

"Huyohuyo. Mimi ni Wekesa, wa huku juu ya Chwele. Nasikia baiskeli yangu iko tayari, hata rangi imepakwa."

Nikatazama ramani. Pini yake ilikuwa ya kijani. "Iko tayari, Bwana Wekesa. Eneo lenu ni wiki ya mwisho ya mwezi."

"Wiki ya mwisho? Madam, kijana wa dada yangu anakuja Alhamisi hii."

"Unaweza kumkaribisha tu. Mgeni hahitaji baiskeli."

Akauliza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Madam, wewe ni mtu wa wapi kwani?"

Akanieleza. Siku moja kabla ya kutahiriwa, kijana huenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake. Mjomba huyo huitwa khocha, na nyumba yake siku hiyo ndiyo kitovu cha dunia. Khocha anachinja ng'ombe, anamvisha kijana shingoni kipande cha nyama ya kifuani, kiitwacho luliki, anamwambia maneno makali ya kumpa moyo, kisha anamruhusu arudi kwao akiimba. Bila khocha kijana anarudi amepungukiwa. Wekesa alikuwa fundi wa mabasi mpaka ugonjwa wa sukari ulipomchukua mguu mmoja, na wa pili daktari alimkataza kuukanyagia. Miaka miwili nyuma, kijana mwingine wa dada yake alipokuja, walimtoa Wekesa ndani kwa kiti cha plastiki, watu wanne, na kiti kikavunjika mguu uani mbele ya umati. Akarudishwa ndani. Ndugu yake mdogo ndiye aliyevisha luliki.

"Sasa mdogo wangu ameshazoea," Wekesa akasema. "Jana nimemsikia nyuma ya jiko anafanya mazoezi ya hotuba. Hotuba yangu, Madam! Nimewaambia mwaka huu sitoki kwa kiti cha plastiki. Natoka kwa baiskeli au sitoki."

Nikamwambia ninamwelewa lakini nikimtoa yeye kwenye foleni kila mtu atataka kutolewa. Nilisema kwa sauti yangu ya ofisini, ile iliyonifanya nikatiwe keki kubwa.

"Sawa," akasema. "Mama yako ni wa ukoo gani?"

Hilo nililijua, mama alihakikisha nalijua. Nikamtajia.

Simu ikapasuka kwa kicheko. "Huo ni ukoo wetu! Basi mimi ni khocha wako!"

"Bwana Wekesa, nina uhakika nimekuzidi umri."

"Umri ni wa hospitali. Mimi ni ndugu wa mama yako. Sasa wewe, mtoto wangu, unamwambia khocha wako angoje wiki ya mwisho?"

Nilishusha simu nikiwa na jamaa mpya na tatizo la kweli. Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Nikamwita Masinde nimwambie tubadilishe ratiba. Masinde akavua kofia, ishara mbaya kwa dereva.

"Madam, Alhamisi mimi sipo. Na mimi ni khocha. Kijana wa dada yangu anakuja Alhamisi hiyohiyo."

"Na nani mwingine anaendesha pikapu?"

Akataja fundi mmoja. Huyo naye alikuwa khocha. Akataja mlinzi. Mlinzi alikuwa baba wa kijana. Esta, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akasema yeye hajui kuendesha na kwamba hata angejua, pikapu ile inamsikiliza Masinde pekee. Mimi mwenyewe nimepanga malori maisha yangu yote na sina leseni. Msicheke. Daktari wa meno hang'oi meno yake mwenyewe.

Nikarudi kwenye ile ramani. Sikuwa natafuta ujanja. Nilikuwa nachomoa pini kwa hasira. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho Bi. Chelimo alikuwa akikirudia kila alipoona lori letu linaingia getini bila mzigo: "Lori tupu linakula dizeli ileile." Agosti ndiyo mbegu za mvua za vuli zinashuka kutoka Kitale kuja Bungoma. Kila wiki malori ya kampuni yangu mwenyewe yalikuwa yanateremsha mzigo mjini na kurudi Kitale matupu, yakipitia Chwele. Niliyajua kwa namba. Nilikuwa nimeyapanga mimi.

Nikampigia Bwana Kirui.

"Naliaka," akasema, na nikasikia kiti chake kikilia. "Si uko likizo?"

"Niko, bosi. Nilikuwa nataka kuuliza kitu kuhusu Alhamisi."

"Alhamisi unarudi?" Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Hapana. Nataka nafasi kwenye lori linalorudi tupu. Ya baiskeli moja ya mlemavu na mtu mmoja, mpaka juu ya Chwele."

Alipumua kwa nguvu hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Baiskeli moja? Weka hata tano! Weka unachotaka! Na usiwe na haraka huko, Naliaka. Kazi hizi za kujitolea zinataka muda." Kisha, kwa kuwa chini ya woga wake alikuwa mtu mwema na mwenyewe ametoka mlimani, ambako nako vijana hutahiriwa, akauliza baiskeli ni ya nani. Nikamwambia. "Nitamwambia dereva aingie mpaka uani," akasema. "Kama ni siku ya kupokea kijana, mzee asilazimike kufuata mzigo wake sokoni."

Utaratibu huo ndio uliobaki nilipoondoka, na ndio jibu langu kwa binti wa dada yangu anayeuliza abebe nini. Ramani ilitolewa ukutani kabla vumbi la gari lililonichukua halijatulia; nimeambiwa pini zinashikilia mapazia. Lakini hadi leo malori yanayorudi matupu hubeba baiskeli za Mabanga, ya kampuni ile na ya nyingine mbili zilizoona aibu kukataa. Hakuna anayehitaji kunipigia simu ili jambo hilo liende. Ukitoa ujuzi wako, toa kile kisichohitaji namba yako ya simu. Na utakachobeba kiwe ni kitu ulichokuwa unakifanya kila siku mpaka ukaacha kukiona. Mimi nilifika na ramani niliyoitengeneza kwa ajili yao. Kilichowafaa ni malori matupu niliyokuwa nimeyaacha nyumbani.

Tena, chukua viatu vya kuchezea.

Alhamisi asubuhi lori lilikuja Mabanga. Lilikuwa limeshushwa mjini na lilinuka dawa ya mbegu. Mafundi waliobaki, wawili tu na wote Wateso, ambao kwao hakuna tohara hii, walipandisha baiskeli ya Wekesa, rangi ya samawati inayong'aa, na nikaifunga mwenyewe kwa kamba, kwanza gurudumu la mbele, kisha mhimili, kisha turubai juu, kwa sababu wingu lilikuwa limekaa mlimani. Mbele kulikuwa na nafasi tatu: dereva, mpakiaji wake, na Esta na mkoba wake wa spana. Mimi nikabaki.

"Nipigie mkifika Chwele," nikamwambia Esta.

"Nitakupigia."

Hakupiga. Nilikaa kwenye kiti chake karakanani nikitazama simu. Nikampigia, sauti ya yule dada wa mtandao ikaniambia mteja hapatikani. Nikampigia dereva, hapatikani. Nikafungua kile kidoti. Lori lilikuwa limesimama kabla ya Chwele, katikati ya barabara. Nilijua kabisa kilicholisimamisha. Hata pale Mabanga nilikuwa nasikia chinyimba kwa mbali, upande huu na upande ule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitazama gari langu limezuiwa na sikuweza kumkasirikia aliyelizuia. Kidoti kikasogea. Kikasimama tena. Kisha mtandao wa huko juu ukapotea, na kidoti kikaganda njia panda ya mwisho, kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

Mvua ikapiga mabati kidogo, ikaacha. Mmoja wa wale mafundi akaniletea chai bila kuniuliza. Akanitazama nikifungua na kufunga simu.

"Huyo mzee ni ndugu yako?" akauliza.

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Tangu juzi."

"Basi utangoja tu," akasema, akarudi kuchomelea.

Niliwaza kile kiti cha plastiki. Niliwaza yule mdogo wake na hotuba, sasa hivi labda anakohoa, anasogea mbele. Kijana atakuwa ametoka kwao tangu mapema. Sherehe haingoji lori. Jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili wa karakana. Kama baiskeli haikufika mpaka wakati huo, haikuwa na maana tena kufika.

Simu ikaita. Namba siijui.

"Wewe ndiye Madam wa kompyuta?" Mwanamke. Alikuwa amekasirika vibaya sana.

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni mke wa Wekesa. Mume wangu yuko wapi?"

Nikasimama. "Mama, sijui. Mimi niko Mabanga. Lori halijafika kwani?"

"Si limefika! Limefika, likaingia mpaka uani likakanyaga mboga zangu. Huyo dada yenu wa spana akamkalisha, akamfunga mkanda, akamwambia ajaribu kidogo hapa uani. Kidogo! Madam, aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akatokea getini!"

"Akaenda wapi?"

"Si ndiyo nakuuliza! Huyo dada alimkimbilia, naye hajarudi. Ng'ombe amechinjwa. Wazee wamekaa. Nyama iko tayari, mdogo wake amesimama hapa na hotuba, ananiuliza aanze ama asianze. Kijana amefika hapo kwa daraja, tunasikia chinyimba, na mwenye boma hayupo! Khocha hungoja nyumbani, Madam. Ni wapi umewahi kuona khocha anazurura?"

Nami nikawa nazisikia hizo chinyimba. Zilikuja nyuma ya sauti yake, hafifu kwanza, kisha kwa ule mpigo mmoja, na wimbo juu yake, na kengele ya baiskeli ikigongwa ovyo bila kufuata mpigo wowote.

"Ngoja," yule mama akasema. Simu ikakwaruza, alikuwa anatembea, kisha anakimbia. "Ngoja, wanaingia. Huyo ni kijana wetu. Na huyo... Wekesa! Wewe Wekesa!" Akaisahau simu mkononi, nami nikasikia kila kitu. "Yuko mbele yao! Ameenda kumlaki kijana barabarani! Anaimba kuliko mwenye sherehe! Mungu wangu, tope mpaka kichwani, na dada wa spana anacheza nyuma!"

Kisha akanikumbuka.

"Madam, siwezi kuongea sasa," akasema, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Mwenye nyumba amefika."